Banda Kando ya Kinu

Barabara ya RN3 ikishatoka Bujumbura hushikamana na ziwa, na kwa kilomita zipatazo 75 mpaka Rumonge ni mara chache huliacha. Kulia maji, kushoto mlima. Maeneo ya Gitaza mlima husogea mno, gari likawa linapita kwa hisani ya vitu viwili visivyoaminika: udongo unaoporomoka mvua zikizidi, na ziwa ambalo miaka ya karibuni limepanda hadi likaingia vyumbani mwa watu. Mwenye haraka njia hii haimfai. Sisi haraka hatukuwa nayo, kwa kuwa tulikuwa na mtoto asiyependa gari lipishane na lori bila yeye kuambiwa mapema.

Baba yake, shemeji yangu, alikuwa amemlipia nafasi mbili katika Probox, moja ya kukalia na nyingine ya kumweka mbali na bega la mtu. Dereva akacheka. "Mzee, katoto kadogo namna hii viti viwili?" Shemeji akalipa, akanyamaza. Ushuru huo ameuzoea. Penye jiwe la Mugere, walipolala Livingstone na Stanley tarehe 25 Novemba 1871 na ambapo wageni hupenda kupiga picha, hatukusimama, maana ratiba aliyochorewa mtoto haikuwa na jiwe. Ilikuwa na gari, chai, samaki, kinu na kitanda, vyote vimechorwa kwa penseli kwenye kipande cha boksi, na kila kilichopita alikikata kwa mstari.

Ana miaka tisa na ana usonji. Huzungumza kidogo, Kiswahili zaidi ya Kirundi, na sauti ya ghafla humwangusha chini, mikono masikioni. Shemeji mwenyewe ni seremala wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, ambako gereji na karakana zimebanana na misikiti na hakuna saa isiyogongwa bati. Kazi inayomlisha ni mabanda ya maonyesho. Wauza sabuni, kampuni za simu na vyama vya wakulima wa kahawa wote humtaka banda litakaloonekana kutoka mbali, lenye taa, spika na bendera. Sasa wazazi wenzake, wale wenye watoto kama wake, wamemwomba kinyume chake: banda la kukunjwa na kupakiwa kwenye pikapu, lisimamishwe penye maonyesho au sokoni, ambamo mtu aliyezidiwa na kelele, mtoto au mkubwa, ataingia apumue kisha atoke aendelee na shughuli zake. Amekuja Rumonge kwa sababu mbili. Makuti, mbao na mikeka hapa ni rahisi. Na banda likiweza kutulia Rumonge, anasema, litatulia popote.

Sababu ya pili niliielewa tuliposhuka. Mji huu ulifanywa makao makuu ya mkoa mwaka 2015, na mikoa ya Burundi ilipopunguzwa mwaka 2025 kutoka 18 hadi 5, ukajikuta ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Wino wa ofisi umebadilika mara mbili katika miaka kumi, lakini stendi ni ile ile. Makondakta huita "Nyanza-Lac, Nyanza-Lac!" kama watu wanaodai deni. Bodaboda wanapiga honi kwanza halafu ndiyo wanaangalia kama kuna mtu. Muuza kadi za simu ana spika mbili, na mwenzake wa kando, kwa wivu, ana tatu. Kiswahili kimejaa kila kona, cha Warundi wa pwani hii, cha Wabembe wa ng'ambo ya ziwa, cha wakimbizi waliokulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania wakarudi na lafudhi ya huko. Mtoto aliushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili na kutembea macho chini mpaka tulipofika nyumba ya wageni. Hapo akakata mchoro wa gari, akajifunika shuka.

Asubuhi tulikwenda mwaloni. Alfajiri ndiyo saa ya soko, boti zinaporudi. Wavuvi wa ndagala hukesha usiku kucha katikati ya ziwa, taa zikiwaka juu ya maji ili samaki wakusanyike, kisha wavu unainuliwa kutoka chini yao. Kunapokucha boti zinarudi, injini zikinguruma kwa mpigo mmoja, na wachuuzi wanaingia majini hadi kiunoni kuwahi bei kabla beseni halijagusa mchanga. Mukeke huuzwa kando, kwa heshima zaidi, maana ndiye samaki wa mgeni. Sangala akipatikana mkubwa, watu huacha wanachofanya wakaenda kumtazama. Hapo ndipo penye kelele ya kweli ya Rumonge, nayo ni kelele ya riziki. Sikuona mtu wa kulaumiwa.

Mtoto alistahimili muda mfupi tu. Injini moja ilipokohoa na kuzimika kwa kishindo alikimbia, na tulipomtafuta tulimkuta chini ya vichanja vya kuanikia. Ndagala wa pwani hii zamani walianikwa mchangani. Shirika la FAO likaeneza vichanja vya wavu wa waya vilivyoinuliwa kwa miguu ya mbao, ili hewa ipite chini na juu na samaki wasichanganyike na mchanga. Chini yake kuna kivuli chenye vitundu vitundu. Alikuwa amelala chali anavitazama. Bibi mwenye kichanja alikuwa amesimama, mkono kiunoni.

"Baba, huyu mtoto amefanywa nini?"

"Hajafanywa kitu, Bibi. Kazaliwa hivi."

"Mmempeleka wapi?"

"Kwa daktari. Kwa sheikh pia, mama yake alitaka."

Bibi akageuza ndagala wake kwa kiganja, akafikiri. "Basi mwache alale. Ila asinivutie kichanja, mguu huo mmoja ni mbovu."

Swali la bibi ni swali la kawaida huku kwetu, na halina ubaya ndani yake. Mtoto asiyejibu salamu huulizwa nani kamroga kabla hajaulizwa anasikia nini. Familia zenye uwezo huishia kwa madaktari wa Bujumbura, nyingine huishia katika kituo cha Kamenge cha magonjwa ya akili, ambacho kwa miaka mingi ndiyo anwani pekee ambayo Mrundi wa kawaida anaijua mtu akionekana tofauti, iwe ana kifafa, huzuni ya vita au usonji. Nairobi wametutangulia. Shule ya City Primary, eneo la Ngara, ina kitengo cha watoto wenye usonji tangu mwaka 2003, ndani ya shule ya serikali ya watoto wote. Nataja hilo kwa sababu mara nyingi tukisikia vyumba vya utulivu tunawaza Ulaya, na kweli Ulaya ina historia yake: Uholanzi katika miaka ya 1970 Jan Hulsegge na Ad Verheul, wa kituo cha De Hartenberg, walianza kuwatengenezea watu wenye ulemavu mkubwa wa akili vyumba vya taa za pole, maji yenye mapovu na vitu vya kugusa. Leo vyumba vya namna hiyo huuzwa vikiwa kamili, na bei yake ukiigeuza kuwa faranga za Burundi, shemeji alisema, unapata mashua na injini yake.

Alikuwa amebeba picha za vyumba hivyo kwenye simu. Pia alikuwa na picha ya ule mkanda wa shingoni wa kijani wenye maua ya alizeti, uliobuniwa mwaka 2016 katika uwanja wa ndege wa Gatwick ili mfanyakazi ajue kwamba abiria huyu anahitaji muda, bila kumuuliza ugonjwa wake. Huo ulimpendeza kuliko vyumba. "Hauna umeme," akasema. Wanaharakati wenye usonji, na mwanasosholojia wa Australia Judy Singer kati ya walioandika mwanzo mwishoni mwa miaka ya 1990, wameshikilia kwamba bongo za watu hutofautiana kwa asili, na kwamba kazi nyingi ya kurekebisha iko kwenye mahali kuliko kwa mtu. Seremala hahitaji kushawishiwa sana katika hilo. Mlango ukigoma, huwa anaanza kuchunguza fremu.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa pango. Kuta tatu za mikeka miwili miwili, makapi ya michikichi yamekandamizwa katikati kunyonya sauti, mlango mmoja wenye pazia, giza ndani, na banda zima kuwekwa mwisho wa ufukwe, mbali na watu. Nilikubaliana naye. Nani asingekubali? Kelele inaumiza, basi ikimbie.

Kilichobomoa mpango huo ni kinu.

Rumonge ni mji wa mawese. Michikichi imepanda kutoka ufukweni hadi vilimani, ile ya asili na ile bora iliyoenezwa na shirika la SRD, na katikati ya mashamba kuna vinu vidogo vya watu binafsi: banda la bati, injini ya dizeli, mapipa ya kuchemshia chikichi, mashine ya kuziponda na shinikizo la kukamua. Mawese hutoka mazito, mekundu, yakachemshwa tena. Kokwa hutupwa rundo lao, maana mafuta ya mise ni biashara nyingine, ya sabuni. Injini ya kinu tulichokiendea ilisikika tangu barabarani, na shemeji akaanza kumtayarisha mtoto: kelele, kelele kubwa, tutasimama mbali. Mtoto akauachia mkono wake. Akaingia mpaka karibu na mashine, akakaa juu ya gunia tupu, akaegemeza mgongo kwenye nguzo iliyokuwa inatetemeka. Alikaa hapo muda mrefu. Hakuziba masikio. Akaanza kuimba kwa sauti moja, puani, akifuata injini.

Kijana wa injini, mwenye mafuta mpaka kwenye kope, alitutazama akidhani tumemleta mtoto kumwonyesha kazi. Yeye mwenyewe hakuwa na kitu masikioni, na hilo ni jambo la kuandikiwa makala yake.

Shemeji alikaa kwenye pipa lililopinduliwa akiwa amefumba mdomo. Injini ile ilikuwa kubwa kuliko honi yoyote ya stendi. Lakini haikuwa na la ghafla. Pigo lililofuata lilikuwa sawa na lililopita, nalo lilikuja lilipotazamiwa. Akayapanga kwa sauti yaliyotokea tangu tuondoke Bujumbura: lori lililotangazwa halikumuumiza mtoto, lililotokea kwenye kona lilimuumiza. Boti zilizokuja zikinguruma alizitazama, ile iliyokohoa ilimkimbiza. Adhana ya alfajiri, yenye spika nyuma ya dirisha letu, hakuigutukia, kwa sababu anajua saa yake. Seremala huyu alikuwa amepima kuta akidhani adui ni ukubwa wa sauti. Adui alikuwa mshtuko.

Nadhani hapo ndipo banda lenyewe lilipozaliwa, na kila kilichofuata kilikuwa hesabu tu. Bado sisemi kwamba ukubwa wa sauti hauna neno. Wako ambao sauti yoyote kubwa huwachoma, na wako wanaoitafuta, wanaopenda kupiga, kuruka na kutikiswa. Hakuna banda litakalowafaa wote kwa mara moja. Lakini kati ya kujenga ukuta mnene na kujenga mahali ambapo mtu anajua kitakachofuata, la pili lina bei nafuu, na Rumonge ina vitu vyake.

Aliporudi nyumba ya wageni alifuta pango, akachora upya. Milango miwili, kaskazini na kusini, ili mtu aliye ndani aone njia ya kutoka bila kugeuka, na asibanwe na anayeingia. Upande wa magharibi umezibwa kwa makuti mpaka usawa wa kichwa, kwa sababu jua la alasiri Rumonge, likishuka juu ya milima ya Fizi ng'ambo ya ziwa, halichomi kutoka juu tu, linarudi mara ya pili kutoka majini, na mtu mwenye macho mepesi hawezi kulistahimili. Paa la makuti pia, si bati. Mvua ya Imbo, tambarare hii ya ziwani, juu ya bati hunyamazisha mazungumzo ya watu wazima. Juu ya makuti huwa mchakacho tu. Mahali pa kuliweka banda alipachagua kwa pua. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na usiku hugeuka, kwa hiyo kwa shughuli za mchana banda likae upande wa maji, na vichanja vya ndagala viwe nyuma yake. Harufu ya ndagala mimi naipenda. Kuna watu ambao harufu hiyo huwafukuza mjini.

Kitambaa cha ndani kilitutesa. Sokoni Rumonge vitenge vimejaa hadi darini, na hakuna hata kimoja kilichonyamaza: tausi, funguo, mapanga boi ya ndege, nyuso za marais. Mama wa duka alikataa kuamini kwamba tunataka kitambaa kisicho na kitu. "Ni cha msiba?" Mwishowe alishusha jora la shuka za kijani kilichopauka, ambazo wateja walikuwa wamezikataa, akatupunguzia bei kwa huruma. Kwa kokwa za michikichi hakuna aliyetuonea huruma, lakini zilikuwa rahisi. Shemeji alinunua nusu gunia, akaziosha, akazianika, na mafundi cherehani wa sokoni wakashona mito bapa ya kuweka mapajani au mabegani. Uzito unaobana taratibu huwatuliza baadhi ya watu. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, alijitengenezea mashine ya kumkumbatia akiwa kijana, katika miaka ya 1960, baada ya kuona ng'ombe wanavyotulia wakibanwa na mbao za kuchanjia. Masharti ya shemeji ni mawili: mtu ajiwekee mwenyewe, na ajitoe mwenyewe.

Vipimo vya kuingilia vilileta ubishi. Vitabu vya ujenzi vinasema kiti cha magurudumu kinahitaji mlango wa sentimita 90 hivi, na mteremko ambao kwa kila sentimita 1 ya kupanda unakwenda mbele sentimita 12. Vizuri. Lakini hapa viti vile ni vichache. Watu wetu wasioweza kutembea huendesha baiskeli za matairi matatu za kuzungusha kwa mikono, zile zile zinazovusha mizigo kati ya Uvira na Gatumba, na baiskeli hizo ni pana na hazipindi kona kwa urahisi. Tulimwomba mwenye nayo pale sokoni atupimie. Akaingia kati ya vigingi vya sentimita 90, gurudumu likagota. Vigingi vikasogezwa mpaka akapita bila kuumiza kidole. Mchangani zikatandikwa mbao zilizofungwa kwa kamba, zikunjike kama mkeka. Yule bwana alitutoza chupa ya Fanta kwa ushauri wake, na ulikuwa ushauri wa thamani zaidi ya Fanta.

Kisha ubao. Kwangu mimi ubao ndio banda, mengine ni kivuli. Mlangoni, nje, pamepigiliwa kipande cha mbao chenye michoro: boti, kinu, adhana, ngoma, mvua. Chini ya kila mchoro kuna kibao kinachosogezwa kuonyesha bado au tayari. Burundi ina lugha rasmi tatu, na Kiswahili kinazizunguka zote sokoni, kwa hiyo maandishi yangezua ugomvi. Mchoro wa ngoma haubishaniwi. Na ngoma ni jambo zito. Hakuna maonyesho ya maana hapa nchini yanayofunguliwa bila zile ngoma za kifalme ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, na zikianza, kifua kinazisikia kabla ya sikio. Shemeji hataki zinyamazishwe. Anataka mtu wa banda aambiwe mapema, asogeze kibao, na aliye ndani achague kubaki, kutoka, au kwenda kuzisikiliza kwa hiari yake.

Tulilisimamisha siku ya Jumapili kati ya mwalo na kile kinu, mahali ambapo injini husikika kwa mbali kama pumzi. Saa ya kwanza ilikuwa vurugu. Banda la utulivu ni kitu kipya, na kitu kipya Rumonge hukusanya watu. Watoto walijaa milango yote miwili. Vijana waliuliza wapi pa kuchomeka simu. Mhubiri mmoja aliliona paa, akaona na mikeka, akaja na kipaza sauti chake mkononi. Nilitegemea shemeji aite mgambo. Badala yake akawafungulia watoto wote: waingie, waruke, wabebe mito ya mise kichwani, waulize bei, wasogeze vibao, wachoke. Mhubiri akaoneshwa kivuli cha mwembe ulio mbali kidogo. Ilipofika karibu na saa sita, hamu ikawa imekwisha, na banda likabaki na sura ya banda tu.

Hapo wakaanza kuja waliolihitaji, na si wote niliowatarajia. Mama mmoja alikuja na binti mwenye kifafa, akakaa akiangalia mwanga, akauliza kama kuna taa za kuwakawaka. Alipoambiwa hakuna taa kabisa, akatandika kitenge. Kijana wa miaka ishirini hivi, aliyekuwa amevaa kofia ya pamba joto lote lile, aliingia bila salamu, akajiwekea mto, akakaa, akatoka bila salamu. Hakuna aliyemwuliza. Na alikuja mzee, mnadhifu, kanzu imepigwa pasi, akaomba kupumzika kwa sababu pale nje vijana walikuwa wanapasua chupa tupu za plastiki kwa miguu.

Mzee huyo alisema machache. Alikuwa mtoto Rumonge mwaka 1972. Mashambulizi ya waasi yaliyoanza tarehe 29 Aprili mwaka huo yalipiga ukanda huu, na baada yake dola ikaua Wahutu nchi nzima kwa wiki na miezi. Waliowahi ziwa au mpaka wakaishia Tanzania. Yeye aliishia Mishamo. Walipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine, na kesi za ardhi za pwani hii zimezeesha mahakimu. Hakuyasimulia hayo kwa mfuatano. Niliyajua, nikajaza mapengo. Alichosema yeye ni kwamba chupa ikipasuka, mwili wake huwa haujui ni mwaka gani. Pwani hii pia hupokea wanaokimbia kutoka ng'ambo kila Fizi inapowaka. Januari 2018 walishuka kwa maelfu. Nilimtazama mtoto wa shemeji, aliyekuwa amelala upande wa pili na mguu wake juu ya nguzo. Hawana ugonjwa mmoja, mzee na mtoto yule. Ubao ule ule uliwafaa wote wawili, na mzee alikuwa ameusoma kabla ya kuvua viatu.

Kasoro hazikukosekana. Makapi ya michikichi, yaliyobaki ndani ya kuta kutoka mpango wa kwanza, yalivuta siafu. Mito ilinuka mise jua lilipopanda, na kijana mwingine alitoka kwa sababu hiyo. La kuudhi zaidi ni kwamba banda haliwezi kujiendesha: bila mtu mmoja wa kukaa mlangoni, mwenye subira, asiyemshika mtu mkono wala kumwimbia, ubao unabaki mapambo. Mtu huyo hajapatikana na hana fungu la mshahara. Binafsi ningetumia nusu ya fedha za mbao kumlipa yeye.

Jioni mwenyekiti wa mwalo alikuja na daftari. Alikuwa mpole, alitaka ada ya kiwanja. Shemeji akajaribu sheria: ipo ya tarehe 10 Januari 2018, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu, na kabla yake nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2014. Mwenyekiti akasikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, sheria ninaiheshimu. Lakini sheria haijaniambia nani anafagia mwalo huu."

Wakaanza kupatana, na ni katika kupatana huko ambapo mwenyekiti, bila kukusudia, alitoa ushauri bora wa safari nzima. Akasema tumekuja wakati mbaya. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na ndagala hawaoni sababu ya kukusanyika penye boti. Wavuvi hulala nyumbani, hutengeneza nyavu. Asubuhi za siku hizo mwalo unakuwa na wanawake wachache na ndege. "Ningekuwa mimi na mtoto wa hivyo, ningemleta siku hizo azoee mahali kwanza. Halafu ndiyo uje siku za boti."

Shemeji akamwuliza siku hizo ada ni kiasi gani. Mwenyekiti akacheka, akajua amejifunga. Siku za mbalamwezi hana mpangaji mwingine yeyote. Wakakubaliana nusu, mwezi mpevu tu, na siku za boti ada kamili na asivuke ule mwembe. Shemeji akatoa noti, akaomba risiti.